Crohn ikipanda hadi kwenye mfuko wa tumbo na duodeni: vipimo, dawa na madini ya chuma

Jembe_la_Wodi

Wakuu, salaam. Naomba tuchambue Crohn (ugonjwa sugu wa uvimbe wa njia ya chakula) ya sehemu ya juu. Maandiko mengi yanashughulika na mwisho wa utumbo mwembamba na utumbo mpana, huku juu panatupiwa aya moja.

Chukulieni mtu mzima wa kilo 60 ambaye Crohn yake ya mwisho wa utumbo mwembamba imeshathibitishwa. Anatumia budesonidi (aina ya steroidi) mg 9 kwa siku na kuhara kumepungua. Lakini kila akila chembe ya moyo inauma, anashiba kwa matonge machache, kichefuchefu hakimwachi na kilo zinashuka. Kamera imeonyesha vidonda vidogo vidogo kwenye antramu, yaani upande wa chini wa mfuko wa tumbo, na mikunjo iliyovimba kwenye duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba. Kinyama (kipande kilichokatwa kwa ajili ya hadubini) kimerudi kimeandikwa "gastraitisi sugu, H. pylori hawakuonekana", yaani uvimbe wa muda mrefu wa mfuko wa tumbo bila bakteria wa vidonda vya tumbo. Hb (wingi wa damu) 9.4, feritini (akiba ya chuma) 48, CRP (alama ya uvimbe) 22. Vidonge vya madini ya chuma amemeza miezi 3 na Hb haijatikisika.

Ninayotaka kujua: majibu hayo ya kinyama yanatosha kusema Crohn imepanda? Kwa nini budesonidi inasaidia chini na juu haisaidii? Vidonge vya chuma vimekwama wapi? Na akianza kutapika, nitajuaje kama ni uvimbe unaotibika kwa dawa au ni kovu limeshaziba njia?

MzeeWaKamera

Mkuu, nianze na kinyama, kwa sababu hapo ndipo wengi wanateleza. "Gastraitisi sugu" ni neno la jumla sana. Kabla ya kulitafsiri uliza vinyama vilikuwa vingapi, vilitoka wapi, na siku ile mgonjwa alikuwa anameza omeprazoli au la.

Omeprazoli na ndugu zake, dawa za kupunguza asidi, hupunguza idadi ya H. pylori na kuwahamisha kutoka antramu kwenda sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo. Ukichukua kinyama cha antramu peke yake, mwanapatholojia ataandika hawapo na atakuwa hajakosea, ila wewe utakuwa umekosea. Kabla ya kipimo cha pumzi, cha kinyesi au cha kinyama, omeprazoli isimame wiki 2 na antibiotiki wiki 4. Kama maumivu hayaruhusu kusimamisha, basi chukua vinyama vya antramu na vya sehemu ya kati pia. Kipimo cha kingamwili kwenye damu hakiyumbishwi na omeprazoli, lakini hakitenganishi maambukizi ya zamani na ya leo, kwa hiyo kikisema "ndiyo" bado hujapata jibu.

Idadi: angalau 2 antramu, 2 sehemu ya kati, na 4 kwenye duodeni, hata pale panapoonekana pazuri. Kila sehemu chupa yake na lebo yake. Ukichanganya vyote kwenye chupa moja, habari ya mahali imepotea na hairudi. Na pale palipo na kidonda kirefu, chukua vipande vya ziada uweke kwenye maji ya chumvi, usiviweke kwenye formalini, kwa ajili ya kuotesha TB na GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya TB). Formalini inaua bakteria, na kipande kilicholowa humo hakioteshi kitu.

Kwenye fomu andika wazi "Crohn inayojulikana, je imefika juu?" Anayesoma slaidi bila kuambiwa hivyo hatasaka anachopaswa kusaka, yaani uvimbe wa madoamadoa: tezi moja au mbili zimezingirwa na seli za kinga, na jirani zake hazijaguswa. Hali hiyo bila H. pylori inaelekeza kwenye Crohn ingawa haithibitishi. Kwa watoto huonekana hata kwenye kolaitisi ya vidonda, ugonjwa mwingine wa uvimbe wa utumbo mpana. Granuloma (vifundo vidogo vya seli za kinga) zisizo na uozo wa kati zinaongeza uzito wa hoja, lakini huonekana kwa wachache. Zisipoonekana, usimwondoe mgonjwa kwenye orodha.

Kwa macho, tafuta mikunjo minene upande wa juu wa mfuko wa tumbo iliyokatwa na mifereji ya kukingama, kama pingili za mwanzi. Kwenye duodeni tafuta mikunjo iliyopata pengo, vidonda vya kufuata urefu, au uso wa mawe mawe.

Kwa mgonjwa uliyemweleza: Crohn ya chini ipo, vidonda vya juu vinaonekana kwa macho. Kama H. pylori hawapo kweli na hatumii ibuprofeni, diklofenaki wala aspirini (muulize mara mbili, watu hawazihesabu kama dawa), mimi ningemwandika L4. Kwenye uainishaji wa Montreal wa 2005, unaopanga Crohn kwa mahali ilipo, L4 ni ugonjwa wowote ulio juu ya mwisho wa utumbo mwembamba, mdomo ukiachwa nje, na huongezwa juu ya L1 (mwisho wa utumbo mwembamba), L2 (utumbo mpana) au L3 (vyote viwili). Uainishaji wa Paris wa 2011, uliotengenezwa kwa ajili ya watoto, ukaigawa: L4a ni kuanzia juu hadi kano ya Treitz (mahali duodeni inapoishia), L4b ni kutoka hapo hadi kabla ya theluthi ya mwisho ya ileamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Mgawanyo huo una maana wodini, kwa sababu ugonjwa wa jejunamu (sehemu ya utumbo mwembamba inayofuata duodeni) huleta mifinyo mingi (mahali palipobana) na upasuaji wa kurudia kuliko ule wa mfuko wa tumbo. Kinachohesabika ni vidonda vinavyoonekana. Wekundu peke yake, au hadubini peke yake, hautoshi.

Kisha usiache katikati pakiwa giza. Kamera ya juu inafika duodeni, ya chini inafika mwisho wa utumbo mwembamba, na baina yao kuna mita kadhaa ambazo hakuna aliyeziona. Hapo ni MRI ya utumbo baada ya kunywa lita 1 hadi 1.5 za maji ya kutanua. Ukitaka kapsuli ya kamera, kwanza mpe ile ya majaribio inayoyeyuka. Ikitoka nzima au ikiwa haionekani tumboni baada ya saa 30, njia iko wazi. Ukiruka hatua hiyo kwa mtu mwenye mfinyo, kapsuli inanasa na unajikuta unaomba msaada wa mpasuaji kwa kosa lako mwenyewe.

Mfamasia_Mtulivu

Nichukue swali la budesonidi. Dawa hiyo si dhaifu, ila imetengenezwa isifunguke huko juu. Chembechembe zake zina ganda linaloyeyuka pH ikifika 5.5 na kuendelea, na kutoka hapo dawa inaachiwa polepole, sehemu kubwa mwisho wa utumbo mwembamba na mwanzo wa utumbo mpana. Tumboni mwenye asidi inapita kama abiria aliyelala. Kwa hiyo kuhara kupungua huku chembe ya moyo ikiendelea kuuma ndicho hasa ungetarajia. Wala usifikirie kuiponda: ganda likivunjika dawa inafyonzwa mapema, na faida ya muundo wake inapotea.

Mesalazini nayo ina hadithi hiyo hiyo. Aina nyingi zinasubiri pH 6 hadi 7. Salfasalazini inahitaji bakteria wa utumbo mpana waivunje, huku juu haifanyi lolote. Ile ya chembechembe za selulosi ya ethili inaanza kuachia dawa kwenye duodeni, na ndiyo sababu watu huitaja, lakini ushahidi wake kwa Crohn ni mwembamba. Mimi nisingepoteza miezi mgonjwa akipungua kilo.

Kinachobaki ni dawa inayopita kwenye damu. Prednisoloni mg 40 asubuhi, vidonge vya kawaida na si vile vya ganda la kuzuia asidi, kwa sababu mfuko wa tumbo ukichelewa kumwaga, ganda linachelewa pamoja nao. Wiki 1 kwa mg 40, kisha punguza mg 5 kila wiki: 35, 30, 25, 20, 15, 10, 5. Ni wiki 8, na kwa vidonge vya mg 5 ni 252 kamili. Mwandikie vyote na ratiba yake, maana anayeishiwa akiwa kwenye mg 20 huacha ghafla, na tezi zake za juu ya figo zinakuwa bado zimelala. Ongeza kalsiamu na vitamini D muda wote huo. Kama yuko kwenye omeprazoli, kalsiamu sitreti ni bora kuliko kaboneti, kwa kuwa kaboneti inahitaji asidi ili iyeyuke.

Omeprazoli mg 40 kwa siku, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, inapunguza maumivu na kusaidia vidonda vya juu vifunge. Lakini haigusi ugonjwa wenyewe. Mgonjwa akisema "nimepona" kwa omeprazoli peke yake, uvimbe wa Crohn unaweza kuwa unaendelea kujenga kovu chinichini.

Steroidi si za kukaa nazo. Wakati huo huo panga dawa ya kushikilia. Azathioprini mg 2 hadi 2.5 kwa kilo, kwa huyu mg 120 hadi 150, anza na 50 kisha panda. Kabla ya yote pima TPMT, na NUDT15 inapopatikana (vimeng'enya vinavyoivunja dawa hii). Picha kamili ya damu kila wiki kwa mwezi wa kwanza, halafu angalau kila miezi 3. Inachukua wiki 8 hadi 12 au zaidi kuonyesha kazi, ndiyo maana huanzishwa steroidi zikiwa bado juu. Anayetumia alopurinoli dozi ya azathioprini ishuke hadi robo au theluthi, vinginevyo uboho unazimika.

Ugonjwa ukiwa mkali, una mfinyo au fistula (njia isiyo ya kawaida iliyotoboka kwenda kiungo kingine), usingoje: infliksimabu mg 5 kwa kilo, kwa kilo 60 ni mg 300, yaani chupa 3 za mg 100, wiki ya 0, 2 na 6, kisha kila wiki 8. Au adalimumabu mg 160, wiki 2 baadaye mg 80, kisha mg 40 kila wiki 2. Hizi zinafika popote damu inapofika, na ndiyo uzuri wake kwa sehemu ya juu.

MzeeWaKamera

Mfamasia, yote sawa ila umepanga mfuatano vibaya. Kipimo cha TB kije KABLA ya prednisoloni. Mg 40 kwa wiki chache zinaweza kuzima jibu la kipimo cha ngozi, na kile cha damu kikarudi "haieleweki". Ukija kutaka infliksimabu mwezi wa pili, unasoma karatasi inayosema salama huku TB imelala. Siku ile ile unayomshuku: historia ya kukaa na mwenye TB, picha ya kifua, kipimo cha damu au cha ngozi, homa ya ini B (antijeni ya uso na kingamwili ya kiini), na VVU. TB iliyolala ikionekana, aanze dawa za kinga na infliksimabu isubiri angalau wiki 4. Kama kinga hiyo ina rifampisini, kumbuka inaongeza kasi ya ini kuiondoa prednisoloni, dozi ile ile inakuwa ndogo.

Na TB yenyewe inaweza kuwa ndiyo ugonjwa. TB ya duodeni inafinya, inatoa granuloma, inapunguza uzito, inapandisha CRP. Granuloma kubwa, zinazoungana, zenye uozo wa kati, pamoja na tezi za tumboni zenye kitovu cheusi kwenye CT, zinavuta upande wa TB. Hapo steroidi ziwekwe kando kwanza. Ukianza dawa za TB kwa kushuku tu, rudia kamera baada ya miezi 2 hadi 3 uone kama vidonda vimefunga. Mgonjwa kusema anajisikia nafuu hakutoshi.

Mfamasia_Mtulivu

Nimekubali, Mzee. Mfuatano ni huo.

Jembe_la_Wodi

Shukrani sana. Nimesahau kutaja kalprotektini ya kinyesi (alama ya uvimbe wa utumbo) ni 40. Hiyo haiondoi hofu ya uvimbe?

MzeeWaKamera

Hapana. Chini ya 50 inatuliza nafsi kuhusu utumbo mpana, lakini ugonjwa wa juu huipandisha kidogo au haiipandishi kabisa. Kwake CRP 22 na vidonda ulivyoviona vina sauti kubwa kuliko hiyo 40. Itumie kufuatilia chini. Juu kunafuatiliwa kwa uzito, albumini, Hb, na kamera ya kurudia miezi 6 hadi 12 baada ya kuanza tiba.

LisheKwanza

Niingie kwenye madini ya chuma, maana hapa watu wanamlaumu mgonjwa kuwa hamezi.

Chuma hufyonzwa duodeni na mwanzo wa jejunamu. Huyu ana uvimbe hapo hapo. Juu ya hilo, uvimbe wowote mwilini unapandisha hepsidini, homoni ya ini inayofunga mlango wa chuma kutoka kwenye seli za utumbo. Juu ya hilo tena, omeprazoli imepunguza asidi inayosaidia chuma kuyeyuka. Milango mitatu imefungwa na sisi tunaendelea kugonga kwa vidonge.

Vidonge vyenyewe navyo vina madhara. Feri salfeti ya mg 200 ina chuma halisi mg 65, na ikikaa mahali pamoja inachoma ukuta. Kwenye duodeni iliyofinya kidonge kinaweza kusimama na kutengeneza kidonda chake, kisha kamera ijayo inaona "Crohn imezidi". Vivyo hivyo vidonge vya potasiamu vya kuachia polepole, alendroneti na doksisaiklini. Mwenye mfinyo wa juu au shida ya kumeza asipewe kwa umbo la kidonge. Tena kinyesi cheusi cha chuma kinakuficha kinyesi cheusi cha damu.

Feritini 48 isikudanganye kuwa akiba ipo. Uvimbe ukiwepo, chochote chini ya 100 kinaweza kuwa upungufu, na ujazo wa transferini (protini inayobeba chuma kwenye damu) chini ya 20% unathibitisha. Hb chini ya 10 pamoja na ugonjwa ulio hai ni dripu moja kwa moja. Kwa jedwali linalotumika sana: Hb 7 hadi 10 na uzito chini ya kilo 70 ni mg 1,500; kilo 70 na kuendelea ni mg 2,000. Ukipenda hesabu ya Ganzoni: 60 × (15 − 9.4) × 2.4 + 500 inakupa karibu mg 1,300. Jedwali linatoa zaidi kidogo, na kwa Crohn naliamini zaidi kwa kuwa Ganzoni huelekea kupunja.

Kwa feri kaboksimaltosi gawa: mg 1,000 leo kwa dakika 15 au zaidi, mg 500 baada ya wiki. Kwa chuma sukrosi ni mg 200 kila mara, hivyo mizunguko 7 hadi 8, isizidi mitatu kwa wiki. Akae chini ya uangalizi dakika 30 baada ya kila dripu, dawa za mzio mkali zikiwa karibu. Baada ya wiki 4 Hb iwe imepanda angalau gramu 2. Haijapanda? Tafuta damu inayovuja, B12, foleti, au azathioprini inayobana uboho.

Jambo moja linalosahaulika: kaboksimaltosi hushusha fosfati, wakati mwingine kwa wiki kadhaa. Kwa mtu aliyekonda na anayetaka kuanza kulishwa upya, hilo ni mtego. Pima fosfati kabla ya dripu na baada yake.

Kuhusu kula: milo 6 midogo, laini, mafuta kidogo. Palipo na mfinyo ondoa maganda, mbegu na nyuzi ndefu, na kila kitu kitafunwe mpaka kiwe uji. Kama daktari wake atakubali, lishe ya kimiminika peke yake kwa wiki 6 hadi 8 ni tiba kamili kwa watoto. Kwa watu wazima inafanya kazi ila wengi wanashindwa kuivumilia. Hesabu ya kilo 60: kalori 30 kwa kilo ni 1,800. Kwa maziwa ya lishe yenye kalori 1 kwa mililita ni lita 1.8, mara 6 za mililita 300. Asianze na yote. Theluthi siku ya kwanza, theluthi mbili siku ya pili, yote siku ya tatu. Kinachoharibu mpango huu mara nyingi ni kuonja chakula pembeni, halafu wiki ya nne mtu anasema lishe haikusaidia.

Kisu_Mkononi

Swali la kutapika nadhani ni langu.

Sikiliza saa na rangi. Kutapika mara tu baada ya kula kunaweza kuwa kichefuchefu tu. Kutapika jioni chakula cha asubuhi, au cha jana, chenye harufu ya kuchacha, ni njia iliyobana. Matapishi yasiyo na nyongo yanaonyesha kizuizi kiko kabla ya tundu la nyongo, yaani kwenye mlango wa kutokea mfuko wa tumbo au mwanzo wa duodeni. Yenye nyongo nyingi, shuka chini zaidi. Mtikise mgonjwa taratibu saa 3 au zaidi baada ya kula: ukisikia maji yakipiga tumboni kama kibuyu kilichojaa nusu, hakuna haja ya kubishana. Kubana kukishathibitika, asile kitu kwa mdomo.

Mpira wa puani, mnene kiasi, uondoe mabaki. Damu: anayetapika asidi hupoteza kloridi na potasiamu, na damu inakuwa na alkali nyingi. Dripu ni ya chumvi 0.9% pamoja na kloridi ya potasiamu baada ya kuona mkojo unatoka. Omeprazoli na steroidi ziende kwenye mshipa, haidrokotisoni mg 100 kila saa 6, kwa sababu kidonge kilichokaa kwenye bwawa la tumbo hakijulikani kitafika lini. Thiamini itangulie glukosi yoyote. Aliyekaa bila kula siku nyingi alishwe kuanzia kalori 10 kwa kilo kwa siku, akipimwa fosfati, potasiamu na magnesiamu kila siku.

Uvimbe au kovu? Kwa kweli mara nyingi ni vyote viwili. MRI ikionyesha ukuta uliojaa maji na unaong'aa kwa dawa ya picha, CRP juu, basi dawa ina cha kufanyia kazi, na siku chache za steroidi ya mshipa zikipunguza kiasi kinachotoka kwenye mpira, umepata jibu. Ukuta mnene usiong'aa, tumbo lililotanuka kwa muda mrefu, CRP ya kawaida: hilo ni kovu. Kila mfinyo uchukuliwe vinyama, hasa ugonjwa ukiwa wa miaka mingi, maana saratani ya utumbo mwembamba hujificha humo.

Kovu fupi, chini ya sentimita 5, lililonyooka, bila fistula wala usaha jirani, ni la puto. Anza mm 10 au 12, panda taratibu hadi 15, na 18 iachie kikao kingine. Tamaa ya kumaliza yote siku moja ndiyo inayotoboa. Duodeni ikitoboka upande wa nyuma, hewa na maji vinakwenda nyuma ya utando wa tumbo, na tumbo linaweza kubaki laini kwa saa kadhaa. Maumivu ya mgongo, mapigo kwenda mbio, homa: CT yenye dawa ya kunywa inayoyeyuka kwenye maji, hapo hapo. Waambiwe mapema kuwa puto hurudiwa. Wengi hawamalizi kwa mara moja.

Puto likishindwa, kazi ya kawaida ni kuunganisha mfuko wa tumbo na jejunamu na kuuruka mfinyo. Zamani neva ya vagasi ilikatwa pamoja na upasuaji huo ili kuzuia kidonda kwenye maungio, ikaleta kuhara kwa watu ambao tayari wanahara. Leo omeprazoli ya muda mrefu inafanya kazi hiyo. Mfinyo mfupi ulio mahali panapofikika unaweza kupasuliwa kwa urefu na kushonwa kwa kukingama. Kukata duodeni yenyewe ni kazi ya mwisho kabisa.

Fistula ya duodeni, ukiiona, mzizi wake kwa kawaida uko kwingine: utumbo mpana wa kukingama, au maungio ya zamani ya upande wa kulia yaliyolala juu ya duodeni. Kinachokatwa ni hicho chenye ugonjwa, na tundu la duodeni linafungwa. Mgonjwa anayetapika kitu chenye harufu ya kinyesi huku utumbo haujaziba, fikiria fistula kati ya mfuko wa tumbo na utumbo mpana.

Jembe_la_Wodi

Kisu, LisheKwanza, nimewapata vizuri. La mwisho kwa Mfamasia: akianza azathioprini, wiki ya tatu chembe ya moyo ikauma upya na kupenya hadi mgongoni, niongeze steroidi?

Mfamasia_Mtulivu

Usiongeze kwanza. Pima lipasi (kimeng'enya cha kongosho) siku hiyo hiyo. Azathioprini inaweza kuwasha kongosho, na mara nyingi hutokea ndani ya wiki 4 za mwanzo. Lipasi ikizidi mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida na maumivu ni ya namna hiyo, simamisha dawa leo na usimrudishie tena, hata kwa dozi ndogo. Usimpe mekaptopurini kama mbadala, maana azathioprini hugeuka kuwa hiyo hiyo mwilini. Njia ya kuendelea ni metotreksati mg 25 ya sindano mara moja kwa wiki pamoja na asidi ya foliki (si kwa anayetarajia ujauzito), au kuhamia infliksimabu.

Ila usisahau upande wa pili: Crohn ya duodeni yenyewe ikivimbisha tundu ambapo mfereji wa kongosho unafungukia, lipasi inapanda bila kosa la dawa. Lipasi ikiendelea kuwa juu wiki 2 baada ya kusimamisha, mrudishe kwa Mzee aangalie tundu hilo kwa kamera ya kutazama upande.